Kilo za Gharib

Mimi ni mpishi, na hakuna kinachonikera kama mtu kuniletea vidari vya kuku na kuniambia nivichemshe bila chumvi. Hivyo ndivyo ugomvi wangu na Gharib ulivyoanza. Napikia katika fleti yangu hapa Guangzhou, nyuma ya majengo makubwa ya nguo ya Guangyuan Xilu, na wafanyabiashara wa Unguja, wa Dar, hata wa Kongo, huja kula kwangu miguu ikishawawaka moto kwa kuzunguka sokoni. Gharib alikuwa mteja wangu wa biriani miaka mingi. Mtu wa namna hiyo akikugeukia na kuku mweupe, unaona kama kakutukana.

"Unaumwa?" nilimuuliza.

"Siumwi, Da Hafidha. Naingia mashindano ya kutunisha misuli."

Nilicheka mpaka nikakaa. Gharib ni mtoto wa Makunduchi, keshapita arobaini, mpole, mnyamavu, na kipara kimeanza kumnyemelea. Kazi yake ilikuwa kwa Abass, mwenye godauni la mizigo. Wafanyabiashara wanaleta marobota yao pale, yanapimwa, wanalipia kwa kilo, kisha yanapakiwa kontena la kwenda nyumbani. Gharib ndiye aliyebeba robota, akaliweka juu ya mizani, akasoma kilo kwa sauti ili karani aandike. Watu hawakumwita kwa jina. Walisema, "Yuko wapi yule wa mgongo?" na akija wanamwonyesha mzigo kwa kidole, basi. Sijapata kusikia mtu akimuuliza kama amekunywa chai.

Mgongo huo ndio aliokwenda nao jimu. Mwalimu wa pale, Mchina, alimzunguka akimkagua, akamwambia mwili kama huu kuuachia marobota peke yake ni dhambi, na kwamba kuna mashindano ya ridhaa ya mjini ambayo hata wageni wanaruhusiwa. Tangu hapo mwenzangu hakuwa na habari nyingine. Alikuwa akitafuna kuku wake huku akinifundisha sheria ambazo sikumwomba.

"Majaji hawatafuti mnene kuliko wote," alisema. "Wanatazama ulinganifu. Bega la kulia lifanane na la kushoto, mapaja yasiachwe nyuma na kifua, kiuno kiwe chembamba, ngozi iwe imekauka juu ya misuli. Mnasimama mstari mmoja, mnageuzwa ubavu, mnageuzwa mgongo, kisha mnaitwa wachache wachache mlinganishwe. Kila jaji anaandika peke yake. Halafu alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa."

"Zinatupwa kwa nini?"

"Jaji akikupenda mno, anatupwa. Akikuchukia mno, anatupwa. Wanabaki wale waliokutazama."

Alilisema hilo kama mtu anayesimulia habari za peponi, na hapo kicheko kikaniisha. Nilimwelewa. Mji huu kila kitu ni maneno. Laoban, yaani bosi mwenye duka, anakutajia mia, wewe unamwambia thelathini, anakuita pengyou, rafiki yake, na huku anakufungashia kilichopasuka. Gharib alitaka mara moja tu katika maisha yake atazamwe mzima, kutoka kisigino hadi kisogo, kwa kipimo kisicho na bei ya rafiki, na watu wasiotaka kumbebesha kitu. Hakutaka kombe. Alitaka kuitwa katika lile kundi la kwanza la kulinganishwa, ambamo majaji huwaweka wanaoona wanastahili, hata kama ndani yake angekuwa wa mwisho.

Ile bukta ya jukwaani sitaisema. Alinionyesha, nikamwambia hiyo si nguo, hicho ni kitambaa cha kufutia miwani, na amwombe Mungu msamaha mapema kabla foleni haijawa ndefu. Akasema ameshaomba.

Daraja aliloingia lina ukomo wa uzito. Unapimwa urefu, na kwa urefu huo unapewa kilo zako. Ukizidisha hupandi jukwaani. Yeye alipewa themanini. Wanaojua mchezo hufika pale pale kwenye ukomo bila kuuvuka, ili waujaze mwili kadiri sheria inavyowaruhusu. Gharib akawa anajipima kila asubuhi kwenye mizani ya godauni. Mizani ya jimu aliidharau.

"Ile inawabembeleza wateja," aliniambia. "Inanipunguzia kilo tano nzima. Yetu ni ya mzigo, Da Hafidha. Watu wanalipia fedha juu yake. Haiwezi kuwa mbovu."

Ndivyo tunavyofikiri sisi watu wa kontena: mizani inayokula fedha yako ndiyo ya kweli, inayokufurahisha ni ya kuchezea. Na si yeye tu aliyeiamini. Wateja waliponung'unika kwamba robota limenenepa njiani, Gharib aliwaambia, "Mimi mwenyewe najipimia hapa," nao wakanyamaza, kwa kuwa Gharib hajulikani kwa uongo.

Mizani ya godauni ikamwambia kilo themanini na tano. Akaanza kupunguza. Mchele aliuacha, kuku nikawa namkatia nusu. Macho yalizama, mashavu yakabonyea, akawa akipanda ngazi za kwangu anashika ukuta, na bado kutwa anabeba marobota ya watu. Mwalimu wake alimwambia mafuta yalishakwisha mwilini, kinachoondoka sasa ni nyama yenyewe. Gharib akamjibu kwamba mizani haijafika. Mimi nilimtukana. Nilimwambia kama anataka kufa akafie kwao Makunduchi, asiniletee polisi. Kisha nikaenda jikoni nikalia, maana nilikuwa namwona anavyoisha, na nilikuwa namwona pia anavyofurahi.

Siku moja kabla ya mashindano ikawa siku ya kupimwa. Nilikwenda naye, mimi na Dullah, kijana wa Kariakoo anayenunua vinyago vya watoto soko la Yide Lu na ambaye simu yake haitulii mfukoni. Alikuwa anarekodi ili awatumie wenzetu wote kwenye kundi la simu. Gharib akavua viatu, akapanda. Msimamizi akasoma kwa Kichina, kisha kwa Kiingereza: sabini na tano.

Gharib akatabasamu kwa adabu na kuomba apimwe tena, akidhani mizani yao imeharibika. Msimamizi hakukasirika. Akamshusha, akaweka juu ya mizani jiwe la chuma la kupimia, la kilo ishirini, ikasoma ishirini bila kuteleza. Akampandisha tena. Sabini na tano.

Niliuona uso wake ukifanya hesabu. Kilo tano zilezile ambazo mizani ya jimu ilikuwa "inambembeleza". Basi tangu siku ya kwanza alikuwa themanini kamili, pale pale sheria ilipomruhusu. Njaa yote ile alikuwa anautafuna mwili wake mwenyewe, na nyama ya miezi hairudi kwa sahani moja ya wali. Dullah akashusha simu.

"Kaka Gharib," alisema taratibu, "na mizigo yetu je?"

Gharib alikaa kwenye benchi, akavaa viatu, akavifunga, akavifungua, akavifunga tena.

Kesho yake alipanda jukwaani hivyo hivyo. Sheria yao inataka kila mshindani apakwe rangi ya kahawia ili taa zisimmeze, na wale wapakaji walipomfikia waliitazama rangi kwenye bakuli, wakamtazama yeye, wakaulizana, mwishowe wakampaka kidogo begani ili sheria itimie. Ndipo tulipocheka siku hiyo, na yeye alicheka. Baadaye hapakuwa na cha kuchekesha. Alisimama vizuri, aligeuka vizuri, kila mkao aliutoa kama alivyofundishwa. Lakini pembeni ya wenzake waliojaa, yeye alikuwa nguo nzuri iliyotundikwa kwenye kiango. Wakaita kundi la kwanza la kulinganishwa. Hakuwemo. Wakaita la pili, hakuwemo. Aliitwa na waliobaki, nami niliyekuwa nimeziba uso kwa aibu ya ile bukta nikaitoa mikono, kwa sababu nilitaka walau mtu mmoja mle ndani awe anamtazama.

Ilipokwisha, alikwenda na mwalimu wake kwa jaji mkuu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, maana mshindani anaruhusiwa kuuliza alikosea wapi. Yule mama alimwambia umbo lake ni zuri, mgongo wake ni bora kuliko wa wengi, ila amekuja mdogo kuliko alivyopaswa. Akamuuliza kwa nini. Gharib akasema, "Niliamini mizani."

Jioni ile nilikuwa nimempikia biriani, yenye kila nilichomnyima. Alikaa mbele ya sahani akampigia Abass, akaweka simu mezani nisikie.

"Mizani inazidisha," Gharib alisema.

"Godauni gani halizidishi?" Abass alijibu, bila hata kushtuka. "Wewe ndugu yangu, usinitie aibu. Kazi yako kusoma. Soma tu."

Gharib akakata simu, akaisogeza sahani yangu kando.

"Kesho, Da Hafidha. Nikishapimwa."

Nilidhani njaa imempanda kichwani. Nilimwambia mashindano yamekwisha, na anayeisukuma biriani yangu mbele yangu asirudi tena. Akaondoka na njaa yake, nami sikumsamehe mpaka asubuhi.

Asubuhi ya Jumatatu nilimfuata godauni, kwa hasira tu. Wateja walishapanga foleni. Wa kwanza alikuwa Mwavita, mama wa Bukavu anayenunua jinzi kwenye viwanda vya Xintang, na robota lake lilikuwa tayari miguuni pa mizani. Abass alikuwa mezani kwa karani. Gharib hakuliinua robota. Akavua viatu, akavua koti, akapanda mwenyewe.

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Kila mtu pale alikuwa ameiona ile video ya Dullah; kila mtu alikuwa amemsikia msimamizi akiitaja sabini na tano, na ameona jiwe la chuma. Nikaelewa kwa nini hakugusa chakula changu. Alikuwa ameutunza ule uzito usiku kucha ili waukute vilevile walivyouona kwenye video.

"Shuka, Gharib," Abass alisema.

"Nitashuka ukisoma, bosi. Miaka yote nakusomea mimi. Leo nisomee wewe."

Abass alitazama huku na huku akitafuta uso wa kumsaidia, hakuupata. Kioo kilikuwa wazi mbele yake.

"Themanini," alisema.

"Vraiment, kumbe kweli," Mwavita akasema polepole. "Na mie nikawa nagombana na wale wa Xintang, nasema ni wao banayiba, ni wezi, wanalitilia robota uchafu liwe zito."

Mwavita aliwaita vijana wake wawili walibebe robota warudi nalo nje, na waliokuwa nyuma yake wakaanza kuinamia mizigo yao mmoja mmoja. Abass alisema kitu kuhusu kazi, kwamba Gharib asirudi, lakini alikisema akitazama karatasi. Gharib akashuka, akavaa viatu vyake. Halafu, kwa mazoea ya miaka, akainama kushika ncha ya robota la Mwavita.

Mwavita akamwekea mkono begani.

"Acha, papa," alisema. "Wewe jina lako nani?"