Uyoga wa Fundi Mninga

Kibao cha Fundi Nestori pale Makanyagio, mjini Mpanda, kina maneno manane, yote kayapaka mwenyewe kwa brashi: FUNDI MNINGA. HAULIWI NA MDUDU. HAUOZI MPAKA KUFA. Nani anakufa, mninga au mteja, hajawahi kufafanua.

Fundi wa mninga wa kweli alikuwa baba yake. Mzee Polycarpe alifika Katumba kutoka Burundi akiwa na msumeno mmoja na randa moja, enzi ambazo mninga watu walikuwa wanaivishia maharage, na alichonga vitanda ambavyo wajukuu wanavilalia mpaka leo. Alipofariki alimwachia Nestori jina, wateja na randa. Mninga wenyewe hakumwachia. Mninga siku hizi unataka kibali, unataka kusubiri, na Nestori kusubiri hajui. Anachojua ni kwenda kupokea lori la Sumbawanga linaloleta mbao za mkaratusi.

Kazi ya kuugeuza mkaratusi kuwa mninga ni ya mke wake, Spès. Anachanganya vanishi na rangi nyekundu kidogo na kiwi ya viatu ya kahawia, anapaka mara tatu, anaacha kivulini. Kinachotoka hapo hata mtu wa maliasili anaweza kukipigia saluti. Kasoro ni moja tu: ukivaa suruali nyeupe siku ya joto ukakalia kiti cha Nestori, unaondoka na kumbukumbu.

Miaka kumi na tisa hiyo. Mtu akidanganya kwa muda wote huo kuna kitu kinamtokea kichwani. Anaanza kujiamini. Nestori akiona kabati lake mwenyewe sebuleni kwa mtu anagonga mlango wake kwa kidole, ko ko, anatikisa kichwa anasema, huu mninga huu. Na ukimwangalia machoni, hadanganyi. Ameshaamini.

Mwaka huu akapata kazi kubwa kuliko zote. Mzee Machibya, Msukuma mwenye ng'ombe wa kutosha kufunga barabara, anamuoza binti yake Lucia mwezi wa kumi. Akaagiza kitanda, kabati, meza ya vyombo na sofa, vyote mninga, na siku ya send-off vitapandishwa kwenye lori vizungushwe mji mzima kwa ngoma. Ukoo wote utakuwepo. Vikipendwa, Nestori anatengenezea Wasukuma wa Katavi nzima mpaka azeeke. Vikigundulika, kile kibao akishushe akachomee chapati. Alilijua hilo. Mtu mwenye akili hapo anatulia, anakaa kimya, anafanya kazi yake.

Nestori akaingia kwenye uyoga.

Kosa ni la lile grupu la WhatsApp linaloitwa Mabilionea wa Uyoga. Mle kuna watu mia mbili na hamsini, na bilionea hata mmoja hayumo. Akasoma huko kwamba kuna uyoga wa kahawia unaitwa shitake, unaoteshwa ndani ya nyumba kwenye vumbi la mbao. Akaangalia chini. Vumbi la mbao lilikuwa limemfika magotini. Akaona Mungu anamsemesha.

Mbegu zikaja kutoka Mbeya kwa basi, ndani ya boksi, yeye mwenyewe kalikumbatia toka stendi kama amebeba kichanga. Sebule ikataifishwa. Sofa zikatolewa nje chini ya bati, wageni wakawa wanapokelewa barazani na kuku. Baada ya hapo mradi ulikuwa wa Nestori kwa mdomo na wa Spès kwa mikono. Spès ndiye aliyechanganya vumbi na pumba za mpunga na chokaa, akalowanisha, akashindilia kwenye mifuko ya nailoni mpaka ikawa migumu kama tofali. Spès ndiye aliyeichemsha kwa mvuke kwenye pipa kutwa nzima, akaipoza, akanawa mikono kama anaenda kuzalisha, akatia mbegu, akafunga. Nestori alipiga picha.

Mifuko ikawa myeupe kama imemwagiwa maziwa. Grupu likashangilia. Mwezi wa tatu wake ikaanza kugeuka kahawia na kutoka manundu, Nestori akapaniki akasema imeoza, itupwe. Spès akamwambia kwa upole kwamba uyoga wenyewe ni kuoza, alitegemea nini. Akaweka magunia mabichi ukutani, akaloweka matofali yake kwenye maji baridi, akayagonga kidogo kwa mwiko kama walivyoelekezwa. Mwezi wa sita huo, baridi la asubuhi Mpanda unalijua. Siku ya tano sebule nzima ilikuwa imejaa vichwa vya kahawia, vinene, vinanukia kama supu.

Hapo ungeniambia Nestori ni mkulima ningekubali. Tatizo hakutaka kuwa mkulima tu. Akachapisha lebo: UYOGA WA MNINGA, KUTOKA KWA FUNDI MNINGA.

Spès alipoziona lebo alikaa chini kwanza. "Baba Emelyne," akamwambia, "andika uyoga. Basi."

"Uyoga basi anauza Marsela," Nestori akajibu.

Marsela ni mama mmoja wa kule mtaa wa Shanwe anayeokota uyoga wa porini kila masika na kuuza kwenye beseni. Kaanza akiwa binti, leo ana wajukuu. Nestori alikuwa na kawaida ya kupita kwenye beseni lake na kuuliza kama wa leo unaua au unalewesha tu. Marsela alikuwa anacheka. Yeye ni mtu wa kuweka akiba.

Jumapili moja baada ya ibada Nestori akaita watu waje kuonja. Majirani wakaja, Machibya akaja na fimbo yake na wadogo zake wawili, na Marsela akaja maana alialikwa makusudi, aone maendeleo. Spès alikaanga kwa kitunguu na chumvi tu. Ulikuwa mtamu, tusibaniane. Watu walikula kimya, na Makanyagio kula kimya ni cheti.

Nestori akanogewa. Akawaingiza sebuleni, akanyanyua tofali moja, akahubiri. Kwamba vumbi lote hili ni mninga mtupu, hakuna hata punje ya mti wa hovyo. Kwamba limetoka kwenye karakana yake, mashine yake, hakununua kwa mtu. Na kwa sababu Machibya alikuwa amesimama pale mbele, akaongeza la heshima: kwamba hata vumbi la kitanda cha Lucia limo humu, kwa hiyo mzee amekula baraka za mwanae.

Machibya akafurahi, akashukuru kwa Kisukuma, wabeja. Marsela akaomba alishike lile tofali. Akaligeuza, akamega pembeni kwa kidole, akanusa, akameguka na yeye kwa kicheko kidogo cha puani.

"Fundi, mimi pori nimelitembea miaka arobaini," akasema. "Uyoga nimeokota kwenye kila gogo lililooza. Gogo la mninga linalala chini mpaka linanizidi umri, sijaokota hata mmoja. Kibao chako si kimesema hauozi?"

Chumba kikapoa kuliko uyoga ulivyokuwa unataka.

Angalia sasa alivyojifunga. Akisema vumbi si mninga, kitanda si mninga. Akisema vumbi kanunua kwingine, dakika tano zilizopita kaapa hajanunua. Akabakiwa na tundu moja, akapita humo: akasema mninga nao una sehemu nyeupe ya pembeni, karibu na ganda, hiyo inaoza, ndiyo iliyotoa vumbi. Na ni kweli, kila mti unayo.

Machibya akafikiri kidogo. Ni mtu wa kuhesabu ng'ombe zizini kwa kusikiliza tu.

"Mifuko mia na ishirini ya pembeni," akasema. "Kwenye kitanda changu katikati ulibakiza?"

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alitoka nao wote mpaka karakanani, akaonyesha mguu mmoja wa kitanda cha Lucia, akasema ukatwe. Ukwanguliwe rangi, usagwe kwa msumeno mpaka uwe vumbi, Mama Emelyne atie mbegu kama alivyotia mingine, na mfuko akae nao Marsela. Ukikaa mkavu mpaka mwezi wa tisa, yeye ataomba msamaha mbele ya watu hawa hawa. Ukiota, tutaongea. Akasema yeye ana mifugo, kusubiri anajua.

Kitanda cha kifahari kikabaki na miguu mitatu na tofali la kuchoma, pale mbele ya karakana, kila mpita njia anakiona.

Usiku sijui waliongea nini, ila kesho yake asubuhi, wakati Spès anawasha pipa, Nestori alimsogelea akamuomba kitu kidogo. Achemshe nusu saa badala ya kutwa. Au atie chumvi. Au mbegu aisahau. Spès mwenyewe ndiye aliyekuja kumsimulia Marsela, na Marsela hana siri.

"Rangi nimekupakia miaka kumi na tisa, sijasema neno," Spès alimwambia. "Uyoga ni kazi yangu. Uyoga siuchezei."

Akachemsha kutwa nzima.

Ndipo Katavi ikapata mkulima wa ajabu, mtu mwenye sebule imejaa mazao halafu kila siku anaomba Mungu zao lake lisiote. Nestori akawa mtu wa Shanwe. Kila wiki anapanda bodaboda kwenda kumsalimia Marsela, mama ambaye kwa miaka yote alimsalimia kwa matusi. Leo kampelekea sabuni, kesho mchele wa kutoka Mamba, na akifika anaulizia afya ya watoto huku jicho liko uvunguni, kwenye mfuko. Mwezi wa saba mfuko ukawa mweupe. Akasema ni ukungu tu wa kawaida. Mwezi wa nane ukaanza kahawia. Akaanza kulisifia jua, joto limezidi mwaka huu, uyoga huu hautaki joto, masikini ya Mungu labda tusiutese. Marsela akapokea mchele, akashukuru, akauhamishia mfuko nyuma ya mtungi wa maji, kwenye mchanga mbichi, penye ubaridi kama chini ya daraja.

Mwezi wa tisa, joto lile la kupasua midomo, Marsela akaufungua mfuko, akauloweka, akaugonga kwa mwiko. Siku ya sita mguu wa kitanda cha Lucia ukatoa uyoga kumi na nne.

Machibya aliitwa, na Nestori akaitwa, na majirani hawakuitwa ila walikuja. Marsela alipika mwenyewe. Mzee akala taratibu, akafuta sahani kwa tonge la ugali, akanawa.

"Nimekula mguu wa kitanda," akasema. "Mtamu. Sasa nitengenezee kitanda."

Hiyo ndiyo hukumu yote. Wiki ile ile Machibya alileta mbao za mninga mwenyewe, zenye muhuri na karatasi zake, akaleta na kigoda, akakaa karakanani kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, fimbo magotini. Nestori akashika mninga kwa mara ya kwanza tangu baba yake azikwe. Ule mti haukumjua. Ulimvunjia meno ya msumeno, ukamtia ganzi viganjani, vumbi lake jekundu likampigisha chafya mpaka machozi. Wengine wanasema hayakuwa ya chafya. Siku ya tatu akaacha mashine, akachukua randa ya Mzee Polycarpe, akaenda polepole. Kitanda kilichotoka pale sikisemi vibaya. Lucia kakipata, lori limezunguka, ngoma imepigwa, na watu wamekigonga kwa kidole, ko ko, kikaitika.

Ila kabati, meza na sofa Machibya alivipeleka kwa fundi mwingine. Na ukoo umemfuata.

Makanyagio nako wiki ile hakukukalika. Watu walikwangua miguu ya makabati yao kwa visu. Kuna nyumba mpaka leo hazijakwangua, zinasema zina shughuli nyingi.

Spès ameacha kupaka rangi. Anauza uyoga, lebo kaandika UYOGA tu, anauza na Marsela beseni kwa beseni, na mkaratusi wenyewe sasa Nestori anauuza kama mkaratusi, kwa sauti ndogo. Kibao hakukishusha. Amekipatia shahidi. Alichukua vumbi jekundu la kitanda cha Lucia, akajaza mfuko mmoja, akauchemsha, akautundika kwa kamba chini ya kibao. Mteja akifika anaonyeshwa: tangu mwezi wa kumi, tazama mwenyewe, hakuna hata kichwa kimoja kilichoota. Huo ndio mninga. Mtu anayejisifu kwa mfuko ambao haujaota kitu hujawahi kumuona, nenda Makanyagio ukamuone.

Juzi alikuwa anamhubiria mwalimu mmoja mgeni, mkono juu ya mfuko, jicho limelegea kabisa, ameshaamini tena. Marsela akapita na beseni lake kichwani, hakusimama hata kidogo.

"Fundi," akauliza, "na humo mbegu uliweka?"

Nestori akachukua msasa, akaendelea kusugua kiti ambacho kilikuwa kimeshaisha tangu jana.