Macho ya Kyakimwa na ya Masœur Godelieve

Kyakimwa, mshonaji wa parokia moja ya Butembo, mashariki mwa Kongo, alirithi kwa baba yake ugonjwa unaoharibu taratibu ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho. Masœur Godelieve, mtawa Mbelgiji aliyemfundisha kushona, alikuwa nao pia, kutoka ukoo wa mama yake. Walienda misa wameshikana mikono, wakicheka kila walipojigonga kwenye mlango uleule.

Mwaka 2001, vita vilipotulia kidogo, walipanda pickup hadi Beni kwa daktari wa macho. Aliwapima wote wawili bila haraka.

"Ugonjwa ni moja, lakini haibaharibie macho sawasawa," akasema. "Masœur, nyuma ya jicho lako kumejaa maji. Nitakupa dawa. Mama Kyakimwa, wewe uko na mutoto wa jicho juu yake. Ule naweza kutoa."

"Ni juu ya mimi niko mweusi?" Kyakimwa akauliza.

"Sijui, mama. Vitabu nilisoma viliandikwa juu ya macho ya Wazungu. Ya kwetu, hapana mutu alinifundisha."

Akamfanyia operesheni. Bandeji ilipoondolewa, Kyakimwa aliona, kama kwa tundu dogo kwa kuwa ugonjwa wa nyuma ya jicho ulibaki, uso ulioinama karibu yake.

"Masœur! Umezeeka!"

"Tangu zamani," Godelieve akajibu, akilia na kucheka. "Hukuwa unaona tu."

Dawa haikumsaidia sana Masœur. Kwa miaka tisa Kyakimwa alimsomea barua za ndugu yake wa Ubelgiji, kwa Kifaransa chake cha shule, neno kwa neno, bila kuruka hata habari za mvua.