Uzi Umenywea

Harufu ya ukwaju ukichemka na dhahabu ndani yake hainitoki puani. Wengine wakisikia ukwaju wanawaza juisi. Mimi naiwaza sufuria nyeusi ya baba yangu Majura, ikitokota juu ya mkaa uani kwetu Kamunyonge, hapa Musoma, na pete zikigongana chini yake. Dhahabu ikitoka motoni huwa imeparara, huwezi kumwonyesha mtu, na ukwaju ndio uliokuwa ukiirudishia uso. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya masonara. Babu alianza kwa kuvuta mvukuto kwa sonara mmoja wa Kihindi mpaka naye akaijua kazi, akamfundisha baba, na baba akatufundisha sote bila kutuuliza kama tunataka. Dhahabu ililetwa na wachimbaji wa Buhemba, imefungwa kwenye pembe za vitambaa. Mawe ya rangi, yakuti na zumaridi na akiki, yalikuja na wachuuzi waliopita na kupotea. Lulu zilifika kwa meli kutoka Mwanza, nyingine mpya, nyingine za familia za watu, zimekatika uzi, zinataka kutungwa upya.

Kila mtu alikuwa na sehemu yake. Baba alifanya dhahabu na mawe. Shangazi Wakuru, dada yake, aling'arisha kwa kitambaa na majivu laini mpaka vidole vyake vikawa havina alama. Bibi Nyabweke, mama yao, ndiye aliyetunga lulu. Alipaka uzi nta ya nyuki, akafunga kifundo kati ya lulu na lulu, ili siku uzi ukikatika idondoke moja na zisimwagike zote. Tulimwogopa Bibi kuliko moto. Na mama yangu Nyakwesi, binti wa Butiama aliyeolewa ziwani bila kujua hata kupara samaki, hakutunga wala hakung'arisha. Kazi yake ilikuwa kuvaa.

Nieleze. Lulu si jiwe. Yakuti unaweza kuifukia, ukaisahau, watoto wako wakaifukua ikiwa vilevile. Lulu ukiifungia sandukuni inapauka, inakuwa kama jicho la samaki aliyelala na kuamkia sokoni. Bibi alisema imelala, na kinachoiamsha ni ngozi ya mtu. Kwa hiyo lulu zozote zilizoletwa zimepauka alivalishwa mama. Akasonga nazo ugali, akafua nazo, akapalilia nazo mihogo, zikiwa ndani ya gauni, mpaka siku Bibi akizitoa juani zinacheka. Zaidi ya hapo, shingo ya mama ilikuwa ndiyo kipimo cha nyumba. Haikuwa nene wala nyembamba. Mteja wa mbali aliagiza kwa maneno tu, "Mfanyie kama mkeo," au "Ongeza kidogo kuliko mkeo," na Bibi akamwita mama, akamzungushia uzi, akakata. Kuna wanawake Bunda walioijua shingo ya mama yangu na uso wake hawajawahi kuuona.

Mwaka uliotuondolea mama ulianza na uzi. Alikuwa amevaa kidani kifupi cha lulu, kile kinachokaa juu kabisa ya shingo, na akawa anaingiza kidole kila mara kukivuta. Akamwambia Bibi kinabana. Bibi akakitazama, akakigeuza, akasema, "Uzi umenywea. Jasho hilo." Akaukata, akatunga upya kwa uzi mrefu kidogo. Baada ya muda kikabana tena. "Uzi wa siku hizi," akasema Bibi, akamlaumu Mwarabu aliyemuuzia. Akatunga tena. Mimi nilikaa miguuni pake nikiokota lulu zilizoteleza, na nilimwona mama akifumba macho wakati kidani kinafungwa. Sauti yake nayo ilikuwa imeanza kukwaruza. Baba akasema ni moshi wa mkaa, akamsogeza akapikie upande wa pili wa ua. Alimpenda, msidhani hakumpenda. Jiko alilibeba mwenyewe.

Kinyozi hajinyoi, wanasema wahenga. Nyumba nzima ilikuwa imezoea kuipima shingo ile, na hakuna hata mmoja aliyeitazama. Siku Bibi akizitoa lulu juani sisi wote tuliinama kutazama kama zimeamka, na mama akasimama pembeni akijipapasa koo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mama hakuficha kitu. Maradhi aliyavaa hadharani, sisi tukayafunika kwa lulu.

Wakati uleule wakaanza kuja wateja wengine na neno lao. Vidani vyetu vinapwaya. Wa kwanza alikuja mke wa mwalimu Manyama, kwa aibu, akasema labda yeye amekonda. Baba akampunguzia. Halafu akaja mama mmoja wa Nyasura kule Bunda, tukimwita Mama Ghati, aliyekuwa anamwoza binti yake na alishatangaza kwa ndugu kwamba bibi harusi atavaa lulu. Huyo hakuja kwa aibu. Tulimsikia tangu barabarani.

"Majura! Mwanangu umemfungia kidani au umemfungia kamba ya ndama? Kinafika kitovuni hiki!"

Watu wa uani wakacheka. Baba akasimama na koleo mkononi, akamwambia, "Karibu mama, kaa kwanza. Uzi utakuwa umelegea. Bunda kuna joto."

"Joto la Bunda limekuwaga hapo tangu nizaliwe, na shanga zangu hazijawahi kurefuka."

"Uzi wangu haulegei," Bibi Nyabweke akajibu kutoka kwenye mkeka wake, bila kuinua macho. "Nimetunga kabla wewe hujaota meno."

"Shikamoo bibi. Sasa kama haulegei, njoo uniambie hiki nini." Akajivika kidani mwenyewe, akatingisha mabega kama anacheza ngoma, lulu zikaruka huku na huku. Hata shangazi Wakuru, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, aliziba mdomo kwa kitambaa cha kazi.

Mama alikuwa anamletea mgeni maji. Alipopiga goti kumpa, Mama Ghati akaona kidani alichovaa, jinsi kilivyozama kwenye nyama.

"Na hiki chako mbona kimekukaba, dada?"

"Uzi umenywea," Bibi akamjibia.

"Ee? Kwa hiyo uzi wenu ukija kwangu unarefuka, ukibaki kwenu unafupika? Uzi gani huo wenye ubaguzi?"

Tukacheka tena. Halafu nikaona Mama Ghati ameacha kucheka. Akaweka kikombe chini bila kunywa. Akamshika mama kidevu, akakiinua kuelekea kwenye mwanga, kama mtu anayekagua jiwe.

"Mama Nyamisi," akasema, akimwita kwa jina langu mimi mwanawe wa kwanza, "hebu meza mate."

Mama akameza. Chini ya lulu kitu kikapanda, kikashuka. Kilikuwa kama yai la kuku.

"Meza tena." Akameza tena, kwa shida, machozi yakamlengalenga. Mama Ghati akamgeukia baba. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Majura, acha huo uzi. Mtazame mkeo."

Baba akaja. Akajaribu kukifungua kidani, vidole vyake vilivyozoea kupachika mawe madogo kama mbegu za mchicha vikashindwa. Akachukua mkasi akakikata. Kwa sababu ya vifundo vya Bibi, lulu haikudondoka hata moja.

Mama alipelekwa hospitali hapa Musoma, wakamwandikia aende Mwanza, akapanda meli na baba. Aliniagiza nisimwachie mdogo wangu Mafuru acheze na tindikali ya kazi ya baba. Kidani cha Mama Ghati kilipimwa upya kwenye shingo ya shangazi Wakuru, binti yake akaolewa amependeza, na Mama Ghati akatuletea kuku na pole. Waliporudi kutoka Mwanza, baba alibeba mizigo yote na mama akabeba mikono yake tu. Daktari alikuwa amesema uvimbe umeshuka kifuani, na kwamba kama wangemwona mwanzoni angeweza kuukata. Mwanzoni ni lini, baba alimuuliza. Daktari akasema, tangu shingo ilipoanza kubadilika, kwani nyumbani hakuna aliyeona? Baba alitusimulia jambo hilo mara moja tu, na hakulirudia mpaka anakufa.

Mama alikufa akiwa ameketi, maana kulala kulimnyima pumzi. Alizikwa bila kitu shingoni. Wanawake wa Butiama, dada zake, walilia kwa lugha yao na kumtukana Bibi kwa lugha yao, na Bibi, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, akainamisha kichwa kama haelewi. Alielewa. Baada ya matanga nilimkuta nyuma ya nyumba amelowesha kipande cha uzi kwenye bakuli. Akakianika, kikakauka, akakipima kwenye kidole. Kesho yake akafanya tena, na keshokutwa. Aliendelea hivyo mpaka mvua zikaanza na kuisha. Uzi haukunywea. Hakutunga tena lulu, na baba hakupokea tena lulu ya mtu yeyote. Tukabaki na dhahabu na mawe.

Wote hao sasa wametangulia, hata Mafuru, aliyeihamishia kazi Bunda. Duka analishika mjukuu wake, Neema, msichana mchangamfu aliyesomea kazi hiyo darasani. Ana mashine ya kusafishia inayovuma kama nzi ndani ya chupa. Lulu amezirudisha, zinatoka China, zimefugwa kama kuku, za bei ndogo, hazihitaji kuamshwa na mtu. Mteja anapimwa kwa utepe, namba inaandikwa kwenye simu. Dirishani wamesimamisha shingo za plastiki zilizovikwa kitambaa cheusi, na ndizo zinazovaa vidani mchana kutwa. Ni bora hivyo. Shingo ya plastiki haivimbi, na hakuna mtoto anayeiita mama.

Mwezi uliopita Neema alinipeleka dukani nikakae. Nikaomba uzi, nikauzungusha kwenye shingo mojawapo ya plastiki, nikakutanisha ncha. Akaniuliza, "Bibi, unapima nini?" Nikamwambia nataka kujua kama mama yangu alikuwa mnene kuliko hii au mwembamba. Akasema nimwonyeshe picha. Hatukuwahi kumpiga picha. Vidani vyote vilivyokatwa kwa kipimo chake vilikwenda kwenye shingo za watu, na vilivyotubakia vilikuwa vile vya mwisho, vya uvimbe, ambavyo baba alivifumua. Majina ya waliovivaa ninayo yote, hata la mke wa mwalimu, aliitwa Wegesa. Nilikaa na uzi ule mkononi, nikiufupisha kidogo, nikiurefusha kidogo, na sikujua nikate wapi.