Jina Nililompa Namba Tatu

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa kumi za jioni, mchana bado upo, na jembe langu lilikuwa na udongo mbichi. Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Kama huyaamini sikulazimishi. Ningesimuliwa na mwingine, hata mimi ningecheka.

Nilikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto. Mume wangu ni mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Pinga, mtu mpole, lakini ndugu zake walikuwa wameshamtafutia msichana. Tulijaribu sala, tulijaribu mizizi, mwisho tukaenda kwenye kliniki moja huko Kampala. Pale wanachukua yai la mke na mbegu ya mume, wanaviunganisha nje ya tumbo, halafu kile kiinitete wanakifungia kwenye kabati dogo lenye joto. Humo kuna kamera. Kila baada ya dakika chache inapiga picha, kwa siku tano, ili daktari aone kinavyokua bila kukigusa.

Tulipata vitatu. Viwili walinipandikiza, vyote vikatoka na damu. Nililia mpaka nikachoka kulia. Kikabaki namba tatu, wakakigandisha kwenye baridi kali kisubiri mwili wangu upate nguvu. Daktari aliniambia wazi kwamba mayai mengine sina tena. Akanitumia picha zote za namba tatu zimeunganishwa, siku tano ndani ya nusu dakika. Unaona duara moja, linakuwa mawili, manne, halafu mengi yasiyohesabika, na mwishoni linajikunja na kujaa tena, linajikunja na kujaa tena, kama linapumua. Huo ndio uzazi wangu wote. Wewe ungeacha kuangalia?

Nikaenda kwa mama yangu Nyabiondo kusubiri. Nilipopata nguvu, barabara ikafungwa kwa vita. Ikafunguliwa, ikafungwa tena. Mchana nalima maharagwe, nikipumzika tu natoa simu.

Siku ile mvua ilinikuta shambani, nikakimbilia kibanda cha majani. Ndani alikuwa amekaa mama mmoja, amenizidi umri kidogo, simjui. Alikuwa amefunga ngobi, kile kitambaa cha kubebea mtoto mgongoni, imefungwa vizuri kabisa, na ndani hamna kitu. Mvua yote ile, na nguo zake zilikuwa kavu. Hilo nililifikiria baadaye.

"Dada, nionyeshe mutoto yako," akasema.

Nikaona aibu. "Mama, miye sina mutoto."

"Ni ule iko mu telefone."

Niamini, sijui mkono wangu ulimtii nani. Nikamwonyesha. Akaangalia mara ya kwanza, akaomba tena, na tena, mpaka machozi yakamtoka.

"Iko muzuri. Jina yake ni nani?"

"Hana jina. Wanamuita namba tatu."

"Sasa siku watamutoa mule mu baridi, watamuita namna gani? Atajua namna gani njia ya kukuya kwako?"

Habari ya baridi nilikuwa sijamwambia hata mama yangu. Hapo ndipo ningepaswa kukimbia. Lakini mimi nilisikia jambo moja tu: kwamba atakuja. Kwetu mtoto hapewi jina kabla hajatoka tumboni na kulia. Hata nguo zake hatununui. Nimelijua hilo tangu utoto. Na bado nikamtaja. Nikampa jina la bibi yangu, kwa sauti, mbele ya mtu nisiyemjua.

"Aksanti, dada," akasema. Akasimama, akatoka kwenye mvua.

Ngobi ilikuwa imejaa. Nakuapia! Ilining'inia kwa uzito wa mtoto wa miezi michache, na pembeni kalitokeza kamguu, kanacheza. Nikaita lile jina. Kamguu kakatulia. Yule mama hakugeuka, akashika njia ya Pinga, mvua ikamfunika.

Nilipofungua simu, picha zilikuwa zinarudi nyuma. Mengi, manne, mawili, moja. Halafu hakuna kitu.

Nilipofika nyumbani, mama aliangalia uso wangu, akauliza neno moja tu: "Ulimutaja?" Akaanza kulia kama yuko msibani.

Barabara ilipofunguka, mimi na mume wangu tulikwenda Kampala. Daktari alitoka chumbani akiwa ameshavua barakoa. Alisema kichupa walichomgandishia kilikuwa kilekile, jina langu juu yake, hakuna aliyekigusa, lakini ndani hawakukuta kitu. Alikuwa ananiomba msamaha, masikini, naye hajakosa lolote.

Mume wangu amemuoa yule msichana. Simlaumu. Mimi niko Nyabiondo, na mvua ikianza kunyesha natoka naenda kukaa kwenye kibanda kile. Watu wanasema nimechanganyikiwa. Waache waseme.

Wewe dada unayesubiri, picha zako ziangalie peke yako, na jina ulifunge mdomoni mpaka umsikie mtoto analia. Ukimkuta yule mama, usimjibu kitu, kimbia. Ila nakuomba, kabla hujakimbia, mtazame mgongoni, uone kama mwanangu amefunikwa vizuri. Asubuhi huku milimani kuna baridi.