Siku Babu Sanda Alipotoka Uani

Ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjaanza nyinyi, maana hapa Shangani hadi leo kuna watu wananiita Marehemu, wananisalimia kwa kuniombea dua, na mimi naitikia amin, nifanyeje.

Chanzo ni katuni. Mjomba wangu, kaka yake mama, zamani alikuwa akichora kwenye jarida moja la Dar es Salaam, na katuni yake ilikuwa ya familia ya Babu Sanda, mzee aliyekufa lakini akakataa kuondoka nyumbani, kila toleo yuko uani na sanda yake na pamba kwenye tundu moja tu la pua (la pili aliliacha wazi ili asikie harufu ya mboga), anamlalamikia mkwewe kwamba ugali wa muhogo umepoa. Jarida lilitufikia limechakaa, limeshasomwa na basi zima, na mama alitusomea jioni huku anabangua korosho, tunacheka, halafu tunaogopa kwenda chooni. Nazikumbuka sana jioni zile. Mama hayupo tena, jarida halipo, na mjomba presha ya macho inamla nuru kidogo kidogo.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kutengeneza vichekesho vya kila wiki kwenye televisheni moja ya hapa mkoani, nikamwendea mjomba kumwomba anipe Babu Sanda. Hakutaka chochote. Alisema tu, "Fanya upesi, mjomba. Nataka nimwone akiinuka kabla macho yangu hayajafunga." Nikamwahidi.

Sasa, kwenye katuni Babu Sanda hatoki uani hata siku moja. Mimi nikajiona fundi kuliko mwenye kazi, nikasema televisheni inataka mandhari, tumtoe nje, abebwe kwenye jeneza barabarani bahari ikionekana nyuma, kisha ainuke alalamike kwamba wanamtikisa. (Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini mjomba hakuwahi kumtoa. Mimi nilidhani hajui kuchora barabara.) Jeneza tulichongesha kwa seremala wa Likombe, Babu Sanda nikawa mimi, waigizaji wanne wakabeba, na mpigapicha wetu, Mwalimu Gaudensi, mgeni kutoka Songea, tukamficha juu ghorofani ili watu wasikodolee kamera.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Mtu wa kwetu akiona jeneza haulizi ni la nani, anatia bega apate thawabu zake. Hatujafika mbali nikasikia bega geni, likaja jingine, waigizaji wangu wakasukumwa nyuma kwa adabu zote, wakijaribu kusema sauti zinamezwa na La ilaha illa Llah, mwendo ukawa wa haraka kama ilivyo sunna, na lori la korosho lililokuwa likienda bandarini likasimama, dereva akashuka naye akabeba. Mimi juu nimefumba macho nawaza: nikiinuka wataniangusha, nisipoinuka watanizika. Mmoja akasema marehemu mzito, mwenzake akamjibu kwamba alikuwa mtu wa watu sana, Mungu amlaze pema (hata jina langu halijui). Mwalimu kule ghorofani akadhani umati nimeukodi, akaendelea kurekodi kwa furaha.

Mlangoni pa msikiti wakanitua. Ikaulizwa wenye maiti ni nani, kila mtu anamtazama mwenzake, na waigizaji wangu wamebanwa huko nyuma ya umati. Ndipo nikasikia mkongojo, na sauti ninayoijua tangu utoto. Mjomba alikuwa barazani kwake, amesikia msiba unapita, akaufuata. Akaomba anifunue uso, pengine ni mtu wa mtaani. Akainama mpaka ndevu zikanigusa, maana haoni bila kusogea, na ndevu zile zina ugoro, na tundu langu moja la pua liko wazi kama alivyolichora mwenyewe.

Nikapiga chafya, nikakaa.

Mbio zile siwezi kuzisimulia. Makobazi yalibaki, kofia zilibaki, dereva alikimbia akalipita lori lake. Mjomba peke yake hakukimbia. Alinipapasa uso, kidole kikafika kwenye pamba, kikahamia tundu la pili, hakuna kitu. Nikatamani wangenizika tu.

"Babu Sanda," alisema taratibu. "Nani kakutoa uani?"

Nikasema ni mimi, mjomba.

"Ndani ya ua maiti ni ya familia, mtacheka mtakavyo. Ikivuka mlango ni ya watu wote. Ndiyo maana sikumtoa."

Watu walirudi, safari hii na hasira, na walikuwa na haki. Nikaomba radhi nikiwa na sanda mwilini, na mjomba, ambaye hakuhusika hata kidogo, akasimama ubavuni kwangu akaomba pamoja nami. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tulirekodi upya uani kwake, pale pale alipokuwa akichorea. Kipindi kilipoonyeshwa alivuta kigoda mpaka pua ikakaribia kioo, Babu Sanda akainuka akaulizia ugali wake, na mjomba akacheka kile kicheko cha zamani, nikahisi kama mama yuko hapo nyuma anabangua korosho. Alimwona. Vipindi vilivyofuata alivisikiliza tu.

Mimi nimeapa: jenezani sipandi tena mpaka siku nitakayopandishwa. Siku hiyo tieni bega bila wasiwasi, chafya sitapiga.