Kuni za Kuokwa Kwanza

Vita vilikwisha, lakini mafuta ya taa hayakurudi madukani. Mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, akaleta pipa kwenye kibanja chetu cha migomba huko Kashozi. Alijaza kuni, akaliziba, akawasha moto chini yake. Moshi ulipita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, ukadondosha mafuta meusi. Wavuvi wa kisiwa cha Bumbire waliyachukua kwa mienge yao ya kuvulia dagaa usiku.

Mwanzoni tulipika mikaratusi. Mafuta yake yalikuwa mengi, ila mepesi na makali kama siki; mwenge ulitematema, ukazimika. Msonobari, kwa utomvu wake, ulitoa mazito zaidi. Lakini dawa yenyewe niliigundua mimi. Siku moja nilisahau kuni juu ya dari ya jiko, moto mdogo ukazikausha hadi zikawa za kahawia. Tukazipika hivyo hivyo. Mafuta yalipungua sana, lakini maji ndani yake yalikuwa kidogo, na mwenge uliwaka vizuri. Tangu hapo kuoka kuni kukawa kazi yangu. Sifa zilikuwa za mume wangu, wala sikulalamika.

Kisha akaanza kukonda na kukohoa. Majirani walisema ni moshi. Sisi wawili tulijua si moshi. Kila kijiji kilikuwa kinazika waliokonda hivyo.

Matanga yake yalipoisha, mdogo wake alichukua kibanja na pipa. Mimi na binti yangu tukaachiwa chumba cha uani. Wiki chache baadaye alinijia.

“Shemeji, mbona wavuvi wanayarudisha mafuta yangu?”

“Unazioka kuni kwanza?”

“Nikizioka yanapungua.”

“Kinachopungua zaidi ni maji.”

“Kuna kitu ulikuwa unatia. Unanificha.”

Jumapili, baada ya misa, aliuambia ukoo kwamba nimeliroga pipa, na kwamba kaka yake nilimuua mimi. Mama mkwe alikuwepo. Alikuwa ameniona kila asubuhi nikigeuza zile kuni, na alijua mwanawe alikuwa akilala kwa wanawake gani katika safari zake za kupeleka mafuta visiwani. Nilimsubiri aseme neno. Aliinamisha kichwa, akanyoosha khanga yake.

Niliondoka na binti yangu na godoro, tukaenda Kibeta kwa kaka yangu.

Mwaka uliofuata ukoo ulituma mtu kuniambia mama mkwe amefariki. Nilimpa kiti na maji ya kunywa, nikamwambia nimesikia. Kisha nikaendelea kumenya ndizi.