Akaunti ya Marehemu

Pale bohari ya dawa walimwita Bi Funguo, maana kila aliyekwama kwenye kompyuta alimkimbilia yeye. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mkono. Shida ya nywila aliimaliza chai haijapoa.

Asubuhi moja, programu ya stoo ikiwa imebadilishwa usiku, mfamasia akaja mbio.

"Dada, imenikataa. Eti sina leseni ya kuitumia!"

Bi Funguo akaangalia. Leseni ya mfamasia ilikuwa imehamia kwa karani aliyeacha kazi zamani. Kuirudisha ni kubofya tu. Akabofya: Huna ruhusa. Akabofya tena kwa nguvu, utadhani mashine ni kiziwi. Kumbe mabadiliko yale yalikuwa yamemvua na yeye mamlaka. Msimamizi aliyebaki kwenye mfumo ni bosi wake, waliyemzika mwezi uliopita.

Akawapigia wenye programu.

"Msimamizi wenu ndiye aombe," akajibiwa.

"Amefariki, kaka."

"Pole sana, dada. Basi aingie kwenye akaunti yake, atatumiwa namba ya siri kwa simu."

Bi Funguo akakata simu.

Mchana akaenda kwa mjane wa bosi kuulizia simu ya marehemu.

"Simu yake ipo, wifi," mjane alisema. "Naichaji kila siku, sijui hata kwa nini."

Wakaiweka mezani, Bi Funguo akaomba namba itumwe. Wakangoja. Mjane akaisogeza dirishani. Kimya.

"Laini yake shemeji yangu alishaifunga," mjane akasema mwishowe, macho chini.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitamani ilie. Hata mara moja tu."

 Bi Funguo akamshika mkono, wakakaa.

Aliporudi bohari, dereva wa hospitali aliyekuja asubuhi kuchukua dawa alikuwa bado ameegemea mlango. Insulini aliyoifuata ilikuwa pale pale kwenye friji ya vioo, anaiona, lakini mkurugenzi alikataza kutoa hata chupa moja nje ya mfumo.

"Wenye programu wamesemaje?" mfamasia akauliza.

"Nimewapigia tena njiani. Maombi yanapelekwa makao makuu yao."

"Mpaka lini?"

"Hawakusema."

Dereva akatikisa kichwa, akaondoka mikono mitupu.

Simu ya mezani ikalia. Mhasibu.

"Bi Funguo, njoo, na mimi imenitoa nje!"

"Nakuja," akasema. Akainuka, akijua anakwenda kumpa pole tu.